Kadi Fupi ya Ravosini

Mimi mpangaji anayefunga mlango mchana simwamini. Usiku funga, wezi wapo. Lakini mchana kweupe, watu wanacheka uani, sufuria iko jikoni, wewe umejifungia unafanya nini? Ndivyo nilivyomtazama Najiat tangu aingie nyumbani kwangu Gongoni, hapa Tabora.

Nyumba yangu, kwa asiyeijua, haina ukimya. Vyumba vinatazamana, ua katikati, bomba moja, na benchi ambalo halijawahi kukaa tupu. Anayetoka Nzega kumwangalia mgonjwa wake hospitali ya Kitete analala kwangu. Anayesubiri treni ya Mwanza anakula kwangu. Wananiita Mama Ngollo. Ngollo mwenyewe ameshaoa, yuko Kahama na maisha yake, nami nimebaki na watoto wa watu. Siwezi kula peke yangu, chakula hakishuki.

Sasa huyu Najiat, binti wa Ujiji, hakuwa na kasoro ya kumshika nayo. Hijabu imenyooka, shikamoo yake na goti kidogo, kodi haina kelele. Siku ya kwanza nilimuuliza kazi.

"Mimi ni mfamasia, mama."

"Duka gani?"

"Sina duka. Naandika habari za dawa. Kampuni inazituma kwenye simu za matabibu na wauguzi, wajue dawa mpya inatumikaje."

Nikamwangalia. Daktari amesoma miaka yote ile, halafu asomeshwe na msichana aliyejifungia chumbani kwangu?

Na maswali yake! Akitoka nje jioni anakaa kwenye benchi, anauliza. Muuguzi akiwa na foleni anasoma ujumbe mrefu kiasi gani? Tabibu wa kijijini anamwambiaje mgonjwa, kwa maneno gani? Kila jibu analiingiza kwenye simu yake, anashukuru, anarudi ndani, komeo linalia kacha!

"Huyo ni usalama," Esperansi aliniambia. Esperansi anapanga chumba cha mbele, mzaliwa wa Ulyankulu, wazee wake walitoka Burundi. Anauza mchele sokoni, na mdomo wake hauna siku ya mapumziko.

"Usalama waje kupeleleza mlenda wangu?"

"Basi ni mtu wa sensa."

"Sensa imeshapita, Espe."

"Basi ni mwizi aliyesoma. Hao ndio wabaya."

Tukacheka. Nilikuwa bado nacheka siku zile.

Halafu akapiga simu Masanja.

Masanja ni mdogo wangu wa mwisho. Mama alipofariki nilimlea mimi, nikamsomesha mimi, leo ni tabibu wa zahanati moja ya kijijini, mbele ya Bukene. Ukimtaja mbele yangu nanenepa. Siku hiyo sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyekaa chini.

"Dada, wananiita mwizi."

"Nani?"

"Kijiji kizima. Wanasema nimeuza dawa ya serikali, nikaweka vidonge vya chaki. Mwenyekiti amechukua ufunguo wa stoo. Jumatano kuna mkutano, wakinikataa wanapeleka jina langu wilayani."

Nilikaa. Tabibu aliyefukuzwa kwa wizi wa dawa hapati kazi tena hata ya kufagia zahanati, hilo hata mimi nisiyesoma nalijua.

"Dawa gani hiyo?"

"Ravosini. Ni mpya, ya homa ya matumbo. Watu wanameza dozi mpaka mwisho, homa inashuka kidogo, halafu inarudi palepale. Na mimi nimeanza kuitilia mashaka, dada. Sijauza kitu. Lakini ikiwa mimi sijaibadilisha, basi kuna mtu ameibadilisha kabla haijanifikia."

Ravosini. Jina hilo nilikuwa nimeliona mahali. Nilizunguka nalo kichwani mpaka nikiwa naosha vikombe, kikaniponyoka kimoja. Nikakumbuka: siku chache kabla nilimpelekea Najiat sahani ya maharage, akafungua mlango nusu, na nyuma ya bega lake, juu ya meza, niliyaona maboksi. Yamepangwa vizuri, yameandikwa Ravosini kwa bluu. Matupu. Moja lilikuwa limelala kifudifudi, mdomo wazi.

Mji huu kila mtu anajua wanaotengeneza dawa feki wanatafuta nini. Hawatafuti vidonge, vidonge vinatengenezwa hata kwa unga. Wanatafuta boksi la kweli.

Nilimwambia Esperansi peke yake. Naapa, peke yake. Akashika kifua.

"Yesu na Maria! Mbona hiyo ndiyo ninayomeza!"

Na kweli. Alikwenda Bukene kununua mchele, homa ikamshika huko huko, Masanja akampima na kumpa Ravosini. Wiki ya pili hiyo, bado alikuwa anatetemeka jioni.

"Nimemezeshwa chaki na jirani yangu! Tunachangia bomba! Mama Ngollo, twende tukavunje mlango."

"Subiri. Masanja anakuja Jumapili. Na Najiat tutampikia."

"Nani? Huyo mchawi?"

"Tutamlisha vizuri, tumkalishe mbele ya Masanja, tumtazame anavyotafuna. Mwongo akishiba anajisahau."

Jumapili nilichinja jogoo. Masanja alifika kabla ya mchana, amekonda shingo, mkononi ana dumu la mgando kutoka kijijini. Hakuna safari ya kwao huko isiyo na maziwa. Ukimtembelea mtu bila maziwa unaonekana umeamua kuvunja undugu. Nilimgongea Najiat mwenyewe.

"Mwanangu, leo huli peke yako. Mdogo wangu amekuja."

Alikuja, akaosha mikono, akakaa mkekani. Nilihakikisha anakaa ukutani, mlango uko upande wangu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Dada anasema unaandika mambo ya dawa. Unaitwa nani?"

"Najiat."

Masanja aliacha tonge. "Mfamasia Najiat? Kadi zinazokuja Jumatatu kwenye simu, chini imeandikwa 'imehakikiwa na mfamasia Najiat'. Ni wewe?"

"Ni mimi." Akatabasamu, kwa mara ya kwanza nikaona ana mwanya. "Unazisoma?"

"Zote. Nikiwa dirishani na foleni mpaka nje, nasoma zako tu. Ni fupi."

Esperansi akanikanyaga mguu. Mpango wetu ulikuwa unaharibika, watu walikuwa wanataka kupendana.

"Na yale maboksi?" nikauliza. Nilikuwa nimepanga kuzunguka kidogo, lakini mdomo ulitangulia.

"Maboksi gani, mama?"

"Matupu. Ya Ravosini. Mezani kwako."

"Napiga picha. Muuguzi asipoliona boksi kwenye kadi, akifika stoo anachanganya dawa."

Jibu zuri. Lilikuja haraka mno. Mimi mtu akinijibu kabla sijamaliza kuuliza, najua jibu alilala nalo. Masanja naye alikuwa anamtazama kwa jicho lile la kumpima mgonjwa anayedanganya kuhusu pombe.

Tukala. Kuku aliisha, Esperansi akatoa vidonge vyake kwenye pochi, akavionyesha juu kama padri.

"Saa ya chaki yangu imefika."

"Meza tu," Masanja akamwambia. "Umalize dozi, tutajua." Akamimina mgando kwenye kikombe, ukaanguka mzito, blup, blup. "Shushia na hii, ikate ukali. Ndivyo ninavyowapa wote."

Najiat alishika mkono wa Esperansi. Aliushika kweli, kidonge kikadondoka mkekani.

"Unafanya nini?" Masanja akauliza.

"Wewe unafanya nini? Unawapa na maziwa?"

"Mgonjwa wa homa ya matumbo ugali haupiti. Nyumba gani kule kwetu itamnyima maziwa? Hicho ndicho chakula chake. Na kadi yako imesema ameze na chakula."

"Kadi imesema asimeze na maziwa!"

"Haijasema."

"Imesema, kaka."

Masanja alifuta vidole kwenye suruali, akatoa simu, akaisoma kwa sauti kama taarifa ya msiba: "Ravosini. Homa ya matumbo, mtu mzima. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Tumbo likisumbua, ameze na chakula. Masharti machache." Akageuza simu tuone. Picha ya boksi la bluu, jina la Najiat chini, basi.

"Machache ni yapi?" nikauliza.

Niliuliza kwa sababu sikujua, lakini niliona Najiat amefumba macho.

Aliinuka akaenda chumbani kwake. Alikaa huko. Esperansi akaninong'oneza, "Anatoroka dirishani." Nikamwambia dirisha lina nondo. Akarudi na kompyuta yake, akaiweka mkekani katikati ya mifupa, na kwa mara ya kwanza mlango wake aliuacha wazi.

Alichotuonyesha kilikuwa kadi ileile, ndefu zaidi. Baada ya masharti machache ilifuata: asimeze na maziwa, mtindi wala mgando, kwa kuwa maziwa yanaikamata dawa tumboni isiingie mwilini; ameze kwa maji, maziwa yasubiri mpaka dawa ishuke.

"Hii ndiyo niliyoandika," alisema. "Hospitali kubwa zilipelekewa hivi. Kwa zahanati, ofisi ya Dar ilitaka kadi inayosomeka mgonjwa akiwa amesimama dirishani. Wakakata."

"Wakakata hapo?" Masanja akasema. "Nchi ya ng'ombe, mnakata maziwa?"

"Wao hawaijui nchi ya ng'ombe."

"Na wewe uliyekaa kwenye benchi la dada yangu ukiuliza watu wanasemaje?"

Najiat alitazama mifupa.

"Jina lililo chini ni la nani?" nikamuuliza.

"La kwangu, mama. Walinirudishia kabla haijatumwa. Nikaona mstari haupo. Nikajua tabibu atakuwa anajua habari ya maziwa, wamefundishwa chuoni."

"Tulifundishwa," Masanja akasema polepole. "Kwa dawa za zamani. Hii mlisema mpya, masharti machache. Nikajua mpya imelishinda hilo. Na mimi ndiye niliyewamiminia kikombe."

Mtu mwingine angeona mambo yameisha. Mimi sikuona hivyo. Nilipokuwa naosha vyombo nilimwambia Esperansi, "Alikaa chumbani muda gani?"

"Mrefu."

"Wa kutosha kuandika mstari mmoja?"

"Wa kutosha kuandika barua ya posa."

Ndiyo hivyo. Kompyuta inaandika, inafuta, haibaki na kovu. Nilimtaka Masanja apone, na nilikuwa tayari kumwamini yeyote aliyemponya, lakini si kwa haraka ile.

Siku ya pili yake akaja Yoramu. Huyu ndiye afisa wa kampuni kwa kanda nzima, gari jeupe, manukato yanamtangulia mlangoni. Najiat ndiye aliyempigia. Akakataa chai, nami asiyekunywa chai yangu namwandika moyoni.

"Tumelifanyia kazi," Yoramu alimwambia Masanja, tabasamu limekaa. "Toleo la pili la kadi linatoka wiki hii. Limeboreshwa, maziwa yamo."

"Na la kwanza?"

"La kwanza halitumiki tena."

"Mimi nataka karatasi inayosema la kwanza lilikuwa na upungufu. Jumatano nasimama mbele ya watu, afisa. Nikisema maziwa bila karatasi wataniona nimebuni."

"Tabibu, wewe ni mtaalamu. Mtaalamu anajua maziwa, hahitaji karatasi."

Akamwita Najiat pembeni, kwenye bomba. Nami nikakumbuka sufuria zangu ni chafu. Zilikuwa safi, lakini nilizisugua tena pale karibu, mgongo umewageukia.

"Ukisema kadi ilikosea," Yoramu alikuwa anasema chini kwa chini, "jina ni lako. Si la Dar, si langu. Halafu kadi ni za wahudumu wa afya tu. Ukizisoma mbele ya wananchi umevunja mkataba. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Jumatano asubuhi nakupitia. Kuna kazi Nzega."

"Sawa."

Sawa! Nilisugua sufuria mpaka mkono ukauma. Jumatano nilipoamka, chumba cha Najiat kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, kwa nje. Esperansi alimwona anapanda gari jeupe, na begi.

"Nilikwambia mwizi aliyesoma," akasema. Mimi nikavaa kitenge changu kizuri, nikaondoka na Masanja.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Watu wamejaa, hata wale wa vitongoji vya mbali, wanaume wamesimama na fimbo zao, wanawake wamekaa chini na watoto. Nilisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, wakaniitikia kwa adabu ya mtu anayesubiri kukuzomea. Mwenyekiti wa kijiji, Zablon, aliweka ufunguo wa stoo juu ya meza, kila mtu auone.

Aliyeanza ni Elieza, mfugaji, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Mke wangu amemeza dawa ya huyu bwana mpaka boksi limeisha. Yuko pale, mtazameni." Mwanamke aliyejifunga shuka hakuinua uso. "Nauliza. Dawa imekwenda wapi?"

Masanja alisimama. Alieleza vizuri, kwa upole: dawa ni nzuri, haikubadilishwa, ila haipatani na maziwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia washushie na maziwa, amekosa, anaomba radhi. Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele, kicheko kisicho na furaha.

"Maziwa!" Elieza akasema. "Ng'ombe walionilea mimi, wakamlea baba yangu, leo ndio wezi wa dawa?"

"Waite na ng'ombe wahojiwe!" mtu akapaza.

"Karatasi iko wapi?" Zablon akauliza. "Nani mwingine anasema hivyo, zaidi yako?"

Masanja alinitazama mimi, kama alipokuwa mdogo amekojoa, na mimi sikuwa na kitu mkononi.

Hapo ndipo gari jeupe lilipoingia uwanjani. Yoramu akashuka amechangamka, anapungia watu. Baadaye nilijua Najiat alimwambia wapite wazindue toleo la pili, kampuni ipate sifa. Najiat alishuka upande wa pili. Hakumsubiri. Alikuja mpaka mezani, akaomba nafasi, akafungua simu.

"Mimi ni mfamasia. Kadi hii ni ya wahudumu wa afya, sitakiwi kuisoma hapa. Nitaisoma." Akaisoma ile fupi, neno kwa neno. Kisha akausoma mstari uliokatwa. "Mstari huu ulitolewa kadi ilipofupishwa. Niliona umetolewa. Nikanyamaza, jina langu likabaki chini. Tabibu wenu alifuata kadi yangu."

Yoramu alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Hakuaga.

Nikasema moyoni, Masanja amepona.

Mwanamke mmoja akasimama, kibwebwe kiunoni. "Wewe dada, unakaa wapi?"

"Tabora mjini."

"Tabora wapi?"

"Gongoni."

"Kwa nani?"

Yule mwanamke hakungoja jibu. "Wanunuzi wa mchele wametuambia! Gongoni, nyumbani kwa dada wa tabibu, kuna binti amejaza chumba maboksi matupu ya Ravosini! Ndiye huyu! Wanakaa nyumba moja, wanapika pamoja, leo wamekuja kuchezea akili zetu!"

Uwanja ulilipuka. Fimbo zikainuka, si za kupiga bado, lakini ziliinuka. Nami maneno yale niliyafahamu. Yalikuwa ya kwangu. Yalitoka jikoni kwangu, yakapanda kwenye magunia ya wenzake Esperansi, yakafika Bukene kabla yangu, na njiani yameongezewa chumba kizima cha maboksi.

Nilisimama. Mimi naongea na watu kila siku ya Mungu, ila siku ile ulimi ulikuwa kama umevaa soksi.

"Jamani. Maneno hayo niliyasema mimi."

Wakanigeukia.

"Niliyaona maboksi mezani kwake. Machache, si chumba. Nikadhani anatengeneza dawa feki, nikamwambia jirani yangu. Sikuona chaki. Sikuona vidonge. Nilimwona msichana anafunga mlango, na mimi siwapendi wanaofunga mlango."

"Kwa hiyo ulimshuku?" Elieza akauliza.

"Namshuku mpaka sasa!" nikasema, na baadhi wakacheka, safari hii kwa kweli. "Namshuku, lakini ningekuwa nimepanga naye uongo, ningemtangaza sokoni mimi mwenyewe? Mtu anayepika njama na mpangaji wake anaanza kwa kumchafua?"

Hilo liliwaingia, niliona. Si wote. Yule wa kibwebwe aliendelea kutikisa kichwa. Elieza alimtazama mkewe, akamtazama Masanja, akatazama ufunguo.

"Mimi maneno yamenichosha," akasema. "Mke wangu apelekwe Nzega apimwe upya, na mimi nikiwepo. Wakisema ndiyo homa ile ile na dawa ni ile ile, atameza hapa hapa, mbele ya watu, boksi lifunguliwe tukiona. Kwa maji. Maziwa nitayafungia mimi mwenyewe. Akipona, tabibu achukue ufunguo wake. Asipopona, tabibu atafute nchi nyingine."

Zablon akachukua ufunguo, akautia mfukoni. "Mpaka hapo unakaa na mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Nzega walisema homa ni ile ile na dawa ni ile ile. Kila asubuhi na kila jioni mke wa Elieza aliletwa zahanati, watu wakajipanga kama wanatazama mechi. Masanja alifungua, akatoa kidonge, akampa kikombe, na mtu mmoja alinusa kikombe kwanza kuhakikisha ni maji. Mimi huku Tabora nilikuwa silali, na Esperansi alikuwa anameza kwa maji mbele yangu, namhesabia kama mtoto, kila jioni namshika paji la uso.

Espe alipona. Mke wa Elieza naye akaanza kuomba ugali, kisha akaanza kumgombeza mumewe, ndipo Elieza alipokwenda mwenyewe kwa Zablon kuufuata ufunguo. Jina la Masanja halikupelekwa wilayani. Lakini kijiji kiliweka sharti: dirisha la dawa liwe na mtu wa kijiji amekaa pembeni, zamu kwa zamu, anatazama boksi likifunguliwa. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa mke wa Elieza. Anakuja na kigoda chake. Masanja akimpa mtu dawa, yeye ndiye anayeuliza, "Na maziwa je?"

Najiat kampuni ilimwachisha kazi kwa ujumbe mfupi. Bado yuko kwangu, anaandikia watu wengine, sijui nani. Mlango siku hizi anauacha wazi kidogo, na mimi nikipita natupa jicho. Sijaacha. Yeye anajua, ananiambia, "Karibu mama, ingia uone vizuri."

Wiki iliyopita Masanja alipiga simu. Amepata kadi ya kampuni nyingine kabisa, dawa ya kifua kwa watoto, mistari michache, picha nzuri.

"Dada, mpe simu Najiat."

Nikampa, nikaweka sauti kubwa, sote tusikie.

"Nikusomee?" Najiat akamuuliza.

"Nimeshasoma. Nataka uniambie wametoa nini."

"Hii sikuiandika mimi, kaka. Sijui."

Nyuma ya Masanja tulisikia mtoto anakohoa, halafu sauti ya mke wa Elieza pale kwenye kigoda chake: "Tabibu, hiyo dawa unatoa au hutoi?"

"Bado sitoi," Masanja akamjibu. "Kaa. Kwanza nawapigia walioiandika."